Programu za uigaji wa roboti: kuanguka ndani ya kompyuta kabla ya kuruka juu ya Kivu

Kati ya Kamembe, mji mkubwa wa Wilaya ya Rusizi iliyojulikana zamani kama Cyangugu, na Kisiwa cha Nkombo kuna maji ya Ziwa Kivu. Wakazi wa kisiwa hicho huyavuka kwa mashua wanapofuata huduma na bidhaa zinazopatikana nchi kavu. Chombo kidogo kinachoruka bila rubani kingeweza kuyavuka kwa dakika chache kikiwa kimebeba dawa. Hata hivyo, yeyote anayetaka kukitengeneza chombo hicho hukutana mapema na swali zito: kitaanguka mara ngapi kabla ya kuaminika, na kila kuanguka kutamgharimu nani? Chombo kilichoanguka shambani huokotwa na kutengenezwa. Kilichozama ziwani kimepotea, na kilichoanguka juu ya paa au sokoni huweza kujeruhi.

Swali hilo si la Rusizi peke yake. Limewasumbua wahandisi wa roboti duniani kote kwa miongo mingi, na jawabu lao kuu ni programu za kompyuta zinazoiga roboti pamoja na mazingira yake. Ndani ya programu hizo chombo huweza kuanguka mara elfu moja bila kuvunjika hata parafujo moja. Makala haya yanaeleza programu hizo ni nini, zilianza vipi, zinatumika wapi, na kwa nini anayezitumia katika nchi ya milima na maziwa kama Rwanda hana budi kuwa na uangalifu wa pekee.

Uigaji wa roboti ni nini?

Roboti ni mashine inayopokea habari kuhusu mazingira yake, ikazipima kwa kufuata maagizo iliyopewa, kisha ikatenda. Kwa maana hiyo ndege isiyo na rubani, yaani droni, ni roboti. Vivyo hivyo mkono wa chuma unaochomelea magari kiwandani, na kigari kinachojiendesha katika korido za hospitali.

Programu ya uigaji, ambayo katika makala haya tutaiita kiigaji, hujenga ndani ya kompyuta ulimwengu mdogo wenye kanuni zinazofanana na za ulimwengu wetu. Ina sehemu nne kuu. Sehemu ya kwanza ni injini ya fizikia, ambayo hukokotoa mvutano wa dunia, msuguano, uzito na migongano. Injini hiyo hugawanya muda katika vipande vidogo sana, mara nyingi sehemu ya elfu moja ya sekunde, na katika kila kipande huuliza: kila kitu kiko wapi, kinakwenda kasi gani, na kinagusana na nini?

Sehemu ya pili ni maelezo ya roboti yenyewe: urefu wa kila kiungo, uzito wake, nguvu ya kila mota, na mipaka ya kujikunja kwake. Sehemu ya tatu ni vihisi vya kuigiza. Kamera ya kuigiza huchora picha ambayo kamera halisi ingeipiga mahali pale. Kipima umbali cha kuigiza hurusha miale na kutoa vipimo, na kipokezi cha setilaiti cha kuigiza hutoa mahali kilipo chombo pamoja na kosa dogo la makusudi, kwa kuwa hata kipokezi halisi hukosea. Sehemu ya nne ni mlango unaounganisha ulimwengu huo na maagizo ya roboti, ili msimbo uleule utakaoiendesha roboti halisi uweze kuiendesha roboti ya kuigiza.

Sehemu hiyo ya nne ndiyo inayotenganisha kiigaji na mchezo wa kompyuta. Katika mchezo, picha ikipendeza kazi imekwisha. Katika kiigaji, kinachotafutwa ni kwamba ubongo wa mashine usijue tofauti kati ya dunia ya kuigiza na dunia ya kweli. Msimbo uliofaulu humo huhamishiwa katika mashine halisi bila kuandikwa upya.

Safari ya karibu karne moja

Wazo la kujifunza kwa kuiga lilitangulia kompyuta. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza kifaa cha kuwafundisha marubani wakiwa bado chini, chenye umbo la ndege ndogo iliyoinamishwa na kugeuzwa kwa nguvu ya hewa. Hoja yake ni ileile ya leo: makosa ya mwanafunzi yatokee mahali ambapo hayaui.

Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Kadiri roboti za aina hiyo zilivyoongezeka, ndivyo viwanda vilivyotambua tatizo jipya: kuifundisha roboti kazi mpya kulilazimu kuisimamisha, na pamoja nayo mtiririko mzima wa uzalishaji. Katika miaka ya 1980 zilianza kutumika programu zilizowawezesha wahandisi kupanga miendo ya roboti kwenye kompyuta wakati mashine yenyewe ikiendelea na kazi. Mwaka 1998 kampuni ya ABB ilitoa RobotStudio, iliyotumia nakala ya programu ileile inayoendesha roboti zake halisi, hivyo kilichoonekana kwenye kioo kilikaribiana sana na kilichotokea kiwandani.

Wakati huohuo vyuo vikuu vilikuwa na mahitaji yao. Mwaka 1996 Olivier Michel alianza kuandika kiigaji cha Webots katika chuo cha EPFL mjini Lausanne, Uswisi. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya Cyberbotics kwa ajili ya kukiendeleza na kukiuza. Mwaka 2001 Russell Smith alitoa injini huria ya fizikia iliyojulikana kwa kifupi kama ODE, ambayo wengi waliitumia kama msingi wa viigaji vyao. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Southern California, Andrew Howard na mwanafunzi wake Nate Koenig walianza kukiandika kiigaji cha Gazebo, kwa lengo la kuziiga roboti zinazotembea nje ya nyumba, penye ardhi isiyo sawa.

Miaka iliyofuata ilileta mabadiliko mawili makubwa. La kwanza ni kufunguliwa kwa milango. Mfumo wa ROS, ulioanza mwaka 2007, uliwapa watafiti lugha ya pamoja ya kuunganisha sehemu za roboti, na Gazebo ikawa mwenzi wake wa karibu. Kiigaji cha V-REP, kilichotolewa mwaka 2010 na kubadilishwa jina kuwa CoppeliaSim mwaka 2019, kilipatikana bila malipo kwa matumizi ya elimu. Desemba 2018 Webots, ambayo hapo kabla ilikuwa ya kulipiwa, ikatolewa kuwa programu huria. Injini ya MuJoCo, iliyotangazwa na Emo Todorov na wenzake mwaka 2012, ilinunuliwa na kampuni ya DeepMind mwaka 2021, na mwaka 2022 msimbo wake ukawekwa wazi kwa kila mtu. Vifaa vilivyokuwa vya wenye fedha vikawa vya yeyote mwenye kompyuta.

Badiliko la pili ni kasi. Kadi za michoro zilizoundwa kwa ajili ya michezo ziligunduliwa kuwa zinaweza kukokotoa maelfu ya roboti za kuigiza kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 watafiti wa OpenAI walieleza jinsi walivyoufundisha mkono wa roboti kugeuza mchemraba kwa vidole vyake. Mafunzo yote yalifanyika ndani ya uigaji, na mazoezi yaliyokusanywa humo yalilingana na takriban miaka 100 ya kazi, ingawa kompyuta ziliyamaliza kwa saa zipatazo 50. Hakuna mkono wa chuma ambao ungestahimili miaka 100 ya kujaribu na kukosea.

Zinatumika wapi?

Matumizi ya kwanza ni yale ya viwandani: kupanga kazi, kupima kama mikono miwili ya roboti haitagongana, na kukadiria muda wa kila hatua kabla ya kununua mashine. Kosa linaloonekana kwenye kioo hurekebishwa kwa kubadili tarakimu. Kosa hilohilo likigunduliwa baada ya zege kumwagwa huhitaji nyundo na fedha.

Matumizi ya pili ni katika vyombo vinavyoruka, na hapa Rwanda ina historia inayofahamika duniani. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo chake cha Muhanga. Kituo cha pili kilifuata Kayonza. Ndege hizo zina mabawa, hurushwa kwa mtambo mfano wa manati, huenda kwa kasi ya takriban kilomita 100 kwa saa, na huangusha mzigo kwa parachuti bila kutua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la The Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu iliyopelekwa kwa ndege hizo ilifika mapema kwa dakika 79 hadi 98 kuliko ambayo ingepelekwa kwa barabara, na kwamba katika hospitali zilizochunguzwa kiasi cha damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda kilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja.

Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, dakika hizo ndizo tofauti kati ya uhai na kifo. Ndiyo maana mabadiliko katika maagizo ya ndege za aina hiyo hayawezi kujaribiwa kwa mara ya kwanza angani, juu ya vichwa vya watu. Utaratibu unaofuatwa katika fani hii una ngazi tatu. Kwanza msimbo huendeshwa wote ndani ya kompyuta. Kisha ubongo halisi wa ndege huwekwa mezani na kuunganishwa na kiigaji, ukidanganywa kwamba uko safarini. Mwishowe ndege yenyewe hurushwa katika eneo lisilo na watu. Humo ndani ya kiigaji wahandisi hukata mawasiliano kwa makusudi, huzima mota moja, huongeza upepo, na kuangalia kama chombo kitajua kurudi nyumbani au kushuka kwa usalama.

Ziwa Kivu nalo limewahi kuwa uwanja wa majaribio ya kweli. Februari 2020, sambamba na Kongamano la Droni la Afrika lililofanyika Kigali, mashindano ya urushaji yaliyopewa jina la ziwa hilo yaliandaliwa upande wa Karongi. Timu kutoka mataifa mbalimbali zilitakiwa kuonyesha uwezo wa vyombo vyao juu ya maji na vilima.

Matumizi ya tatu ni katika roboti zinazokaa karibu na watu. Mei 2020, katika kipindi cha ugonjwa wa COVID-19, Rwanda ilipokea roboti 5 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ili kupima joto la mwili na kupunguza mgusano kati ya wahudumu na wagonjwa. Mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon Africa, watafiti wamekuwa wakiishughulikia roboti iitwayo Pepper ili iwasalimie na kuwaelekeza wageni kwa namna inayoheshimu mila za Kiafrika. Kazi ya aina hii huonyesha vizuri mahali uigaji unapofaa na mahali unapokoma. Kiigaji huweza kuhakikisha kwamba mkono wa roboti umeinuka kwa pembe iliyokusudiwa. Hakiwezi kusema kama mzee aliyenyooshewa mkono huo amejisikia ameheshimiwa au amedharauliwa.

Matumizi ya nne ni mafunzo na mashindano. Tangu Kombe la Roboti, RoboCup, lilipoanza mjini Nagoya, Japani, mwaka 1997, limekuwa na ligi ya uigaji ambamo timu hucheza kandanda bila kumiliki hata roboti moja. Mwaka 2012 Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana walianzisha Mtandao wa Roboti wa Afrika, AFRON, ambao mwaka huohuo uliitisha shindano la kubuni roboti ya kufundishia yenye gharama ya takriban dola 10. Shindano hilo lilishika kiini cha tatizo: kwa shule nyingi za bara hili, kizuizi cha kwanza si akili ya mwanafunzi bali bei ya chuma.

Pengo kati ya kioo na ardhi

Lakini roboti inayotembea vizuri ndani ya kompyuta huweza kuanguka mara inapokanyaga ardhi. Wataalamu wamelijua pengo hilo tangu miaka ya 1990. Mfano ulioonekana na wengi ni ule wa mashindano ya uokoaji yaliyoandaliwa na DARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Juni 2013 timu 26 zilishindana katika hatua ya uigaji kwa kutumia Gazebo, na bora zaidi zikasonga mbele. Miaka miwili baadaye, katika fainali iliyofanyika Pomona, California, roboti kadhaa za timu mbalimbali zilianguka mbele ya watazamaji zikifungua milango au zikishuka kutoka kwenye gari, kazi ambazo mtoto mdogo huzifanya bila kufikiri.

Sababu za pengo hilo ni za kawaida kabisa. Msuguano wa matope si msuguano wa sakafu. Mota iliyozeeka si sawa na mota mpya. Betri hupungua nguvu kwa baridi. Kamera hupofushwa na jua linalochomoza. Kila kitu ambacho mwandishi wa kiigaji hakukiandika hakipo katika ulimwengu huo, na msimbo wa roboti haujui kwamba hakipo.

Kwa msomaji wa Rusizi, pengo hilo lina sura yake ya nyumbani. Programu mbili huria zinazotumika sana kuendesha droni, PX4 na ArduPilot, zina viigaji vyake. Anayezianzisha bila kubadili chochote hukuta chombo chake kimetua mahali palipochaguliwa na waandishi: katika PX4 ni mjini Zurich, Uswisi, kwenye kimo cha mita 488 hivi juu ya usawa wa bahari, katika ArduPilot ni karibu na Canberra, Australia, kwenye mita 584. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko mita 1,591 juu ya usawa wa bahari.

Tofauti hiyo si ya ramani tu. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwa hesabu ya kawaida ya anga, hewa ya Kamembe ni nyepesi kuliko ya Zurich kwa takriban asilimia 10, na joto la kitropiki huipunguza uzito zaidi. Mapanga ya droni hupata nguvu ya kuinua kwa kusukuma hewa. Hewa ikiwa nyepesi, hulazimika kuzunguka haraka zaidi ili kuubeba uzito uleule, na betri huisha mapema. Safari iliyofaulu ndani ya kompyuta ikiwa imebaki na akiba ndogo tu ya betri inaweza, katika ulimwengu wa kweli, kumalizikia majini mita chache kabla ya ufuko wa Nkombo.

Zaidi ya hayo, wilaya hii haina kimo kimoja. Bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga, liko karibu na mita 1,000. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu na mita 1,460. Upande wa mashariki ardhi hupanda kuelekea msitu wa Nyungwe, ambako vilele huzidi mita 2,000. Chombo kilichopangwa kwa ajili ya Bugarama huenda kisifae katika vilima vya juu. Na si kila kiigaji hubadilisha uzito wa hewa chenyewe pale mtumiaji anapobadilisha mahali pa kuanzia. Katika baadhi, ni lazima tarakimu za nguvu ya mapanga zirekebishwe kwa mkono.

Umbali nao unahitaji hesabu ya namna hiyo. Kwa mstari ulionyooka, Kamembe iko takriban kilomita 100 kutoka Muhanga, ilhali ndege za mabawa za Zipline zinazotumika huko hutajwa kuwa na uwezo wa kuhudumia maeneo yaliyo ndani ya kilomita 80 hivi kutoka kituoni. Je, kituo kingine kiwekwe wapi, njia ipite juu ya msitu au kando ya ziwa, na upepo wa mchana ukiwa mkali chombo kibaki na akiba gani? Hayo ni maswali ambayo kiigaji hujibu kwa gharama ndogo, mradi kimelishwa habari sahihi.

Kuileta Rusizi ndani ya kompyuta

Habari za ardhi zinapatikana. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada, na tangu mwaka 2014 vipimo vya Afrika vimepatikana bila malipo kwa usahihi wa nukta moja kila mita 30 hivi. Kwa vipimo hivyo mwanafunzi anaweza kuijenga ndani ya kiigaji sura ya vilima vya Rusizi, rasi za Kivu na bonde la Mto Rusizi.

Hata hivyo, rada hiyo ina upofu wake. Penye msitu mnene kama Nyungwe, ilipima karibu na vilele vya miti badala ya udongo. Haikuona mnara uliojengwa baadaye, wala haikuweza kuona waya. Bonde la Mto Rusizi lina mabwawa mawili ya umeme, la kwanza lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili mwaka 1989, na nyaya zinazotoka huko hupita juu ya vilima kwa urefu ambao droni hupenda kuruka. Katika kiigaji, nyaya hizo hazipo mpaka mtu anayelijua eneo aziweke.

Hapo ndipo mkazi wa mahali anapokuwa na elimu ambayo mhandisi wa mbali hana. Mvuvi wa Kivu anajua upepo hugeuka saa ngapi. Mkulima wa Bugarama anajua ukungu hukaa bondeni hadi lini. Dereva wa pikipiki anajua mlima ambako simu hupoteza mtandao. Kila moja ya habari hizo huweza kugeuzwa kuwa tarakimu ndani ya kiigaji: kasi ya upepo na mwelekeo wake, umbali wa kuona, mahali pa kukatika kwa mawasiliano. Kiigaji kilicholishwa elimu hiyo hukaribia ukweli. Kilichonyimwa hubaki kuwa picha nzuri ya Zurich.

Wataalamu wana njia nyingine ya kupunguza pengo: badala ya kutafuta tarakimu moja sahihi, hubadilisha tarakimu kwa makusudi katika kila jaribio. Upepo huwa mkali mara moja na mpole mara nyingine, mzigo huongezeka na kupungua, kamera hufifishwa. Roboti inayofaulu katika hali zote hizo ina nafasi kubwa zaidi ya kufaulu katika hali ya kweli ambayo hakuna aliyeitabiri. Mkono wa OpenAI uliotajwa hapo juu ulifundishwa kwa njia hiyo.

Mwanafunzi anaanzia wapi?

Kwa kijana wa sekondari au chuo, Webots huenda ikawa mlango mwepesi, kwa kuwa hufanya kazi katika mifumo endeshi ya Windows, Linux na macOS, na huja ikiwa na roboti nyingi zilizokwisha kuundwa. Gazebo hutumiwa zaidi na wale wanaotaka kuingia katika mfumo wa ROS, na mara nyingi huhitaji Linux. Zote mbili ni huria na hazina ada. Anayependa droni anaweza kutumia viigaji vya PX4 au ArduPilot, ambavyo msimbo wake ndio huohuo unaoendesha vyombo halisi. Lugha ya Python hutosha kwa kuanzia.

Gharama haziishi kabisa. Kupakua programu hizi hula data nyingi, na uigaji wa picha nzito huhitaji kompyuta yenye nguvu. Njia inayofaa kwa shule au klabu ni kupakua mara moja na kugawana kwa diski ndogo, kisha kuanza na ulimwengu mwepesi usio na mapambo. Kigari cha magurudumu mawili kinachokwepa ukuta hufundisha mengi kuliko mji mzima unaoifanya kompyuta ikwame.

Kuna pia suala la lugha. Maelezo mengi ya programu hizi yameandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017 na ambacho katika eneo la Kamembe na Bukavu ni lugha ya biashara ya kila siku, kina maneno ya kutosha kuieleza fizikia yake: mvutano, msuguano, kasi, mgongano, kihisi. Mwalimu anayeeleza kwa lugha ambayo darasa linaielewa hapunguzi elimu, bali huifikisha.

Mipaka isiyovukwa na kompyuta

Mwisho, kufaulu katika uigaji si kibali. Urushaji wa droni nchini Rwanda husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Rusizi ina sababu mbili za ziada za tahadhari: uwanja wa ndege wa Kamembe na mpaka na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulio hatua chache kutoka mjini. Chombo kinachopotea njia hapa hakipotei tu. Huweza kuvuka mpaka wa nchi. Ndani ya kiigaji hakuna mpaka, hakuna askari na hakuna ndege ya abiria inayotua, isipokuwa mtumiaji ameviweka.

Faida kubwa ya programu hizi ni kwamba zimeshusha bei ya kukosea. Kijana wa Kamembe asiye na roboti anaweza leo kuendesha programu ileile inayotumiwa na mtafiti wa Lausanne au California, na kuangusha chombo chake mara nyingi kadiri apendavyo. Lakini jaribio la mwisho hubaki kuwa la ardhini, majini na angani, likifanywa taratibu, kwa idhini, mbali na watu, na kwa chombo kilichofungwa kamba kabla ya kuachiwa. Anayefika katika hatua hiyo akiwa ameujaza ulimwengu wake wa kuigiza kwa upepo wa Kivu na nyaya za Rusizi atakuwa amebakiwa na mambo machache ya kumshangaza, na mambo machache ya kushangaza ndiyo usalama wa wale wanaoishi chini ya njia yake.